Propela Aliyoichagua Mama Mkwe

Kabla sijakueleza habari za boti, acha kwanza nikueleze habari za paa, maana bila hilo paa hutaniamini mengine.

Isaiah Ogutu alikuwa fundi wa mashine za kukata nyasi. Kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya maduka ya Adams Arcade, Nairobi, na karibu kila asubuhi ungemkuta ameinamia injini ya mtu wa Lavington au Kileleshwa, skrubu mdomoni, mikono myeusi hadi viwikoni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Ukimkosea anakusamehe kabla hujaomba msamaha, jambo lililomuudhi sana mkewe Millicent, aliyefanya kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno hapo hapo Adams. Millicent alipenda ugomvi kidogo, ule wa kuchangamsha nyumba tu, lakini ugomvi unataka watu wawili. Walikuwa wamepanga Mutuini, kwenye ploti ya Mama Hannah, mwanamke wa Kikuyu mwenye ng'ombe wake, sukuma wiki yake, na mdomo usiojua likizo.

Basi mwaka ule wa 2006, mama yake Millicent, Mama Peres, alikuwa anapofuka. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwao Siaya alikuwa ameendesha kinu cha kusaga unga tangu alipofiwa na mumewe, na macho yalipoanza kuingia ukungu aliendelea kukiendesha kwa masikio na vidole mpaka siku alipomwagia mteja unga miguuni badala ya guniani. Ndipo akakubali kuletwa Nairobi. Daktari wa macho akasema atapasua jicho moja kwanza, likishapona atapasua la pili, na hapo katikati mgonjwa akae karibu, asitikiswe kwenye basi kwenda na kurudi. Kwa hivyo ilibidi Mama Peres akae Mutuini kwa binti yake.

Hapo ndipo matata yalipoanzia. Mama mkwe wa Kijaluo halali nyumbani kwa mkwe wake. Hali mbele yake, hampi mkono, hamtazami usoni, na jina lake halitaji. Najua vijana wa leo watacheka, watasema hayo ni mambo ya kale. Wacheke tu. Mama Peres alikuwa amelelewa hivyo, Isaiah alikuwa amelelewa hivyo, na heshima ikishamwingia mtu mwilini haimtoki ati kwa sababu amepanda basi kuja mjini.

Bahati nzuri, chumba kilichopakana na chao kilikuwa kitupu, na Mama Hannah akakubali kukitoa. Lakini ndugu wa Mama Peres kule nyumbani akapiga simu na swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Hivyo vyumba viwili, akauliza, vina paa moja au mawili? Maana kama paa ni moja, nyumba ni moja, na dada yake atakuwa amelala kwa mkwe. Isaiah akatoka nje akatazama juu. Ploti nzima, kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, ilikuwa imeezekwa mabati yaliyoshikana.

Mwingine angedanganya kwa simu, yakaisha. Isaiah alikwenda kwa Mama Hannah kumwomba ruhusa ya kukata paa lake. Mama Hannah alidhani amesikia vibaya. Alipoelezwa mara ya pili akaketi chini, akasema kwamba hata kwao Wakikuyu zamani mkwe na mama mkwe walikuwa wanakimbiana kichakani, lakini hakuna aliyewahi kukatiwa mabati. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba tone moja likiingia ndani, Isaiah atalipia dari. Jumamosi hiyo Isaiah akapanda na mkasi wa kukatia bati, akafungua mwanya wa kama kiganja cha mkono juu ya ukuta uliogawa vyumba, akapitisha mfereji wa kubeba maji ya mvua. Mapaa yakawa mawili. Mjomba akapigiwa simu, akaridhika.

Sasa mtu anayekata paa la mwenye nyumba ili mama mkwe wake alale kwa heshima, utamwitaje? Wengine pale ploti walimwita mjinga. Mimi nasema hivi: mama yake Isaiah alifariki Isaiah akiwa mdogo sana, hata sura yake haikumbuki, na alilelewa kwa zamu na shangazi waliokuwa na watoto wao wa kutosha. Maisha yake yote alikuwa amesikia wenzake wakisema mama anakuja kutoka ocha kule kijijini, mama ametuma samaki, mama amekasirika. Yeye hakuwa na wa kumtuma wala wa kumkasirikia. Alitaka mama. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe asingesema hata ungemning'iniza kwa miguu.

Mama akaja, jicho la kwanza likatolewa ukungu vizuri, na maisha ya kukohoa yakaanza. Ploti ilikuwa na mfereji mmoja wa maji, bafu moja na choo kimoja, vyote mwisho wa veranda. Kwa hivyo Isaiah kabla hajafungua mlango alikohoa, ili mama ajue mkwe anatoka, aingie ndani au ageukie ukuta. Mama naye alikohoa kabla ya kutoka. Asubuhi ungedhani kifua kikuu kimeingia Mutuini. Walisalimiana kupitia kwa Millicent, na Millicent akienda kazini walisalimiana kupitia kwa Mama Hannah, aliyebeba salamu hizo hatua tatu kutoka mlango huu hadi ule na kuziongezea chumvi njiani.

Na kila mtu alimwogopa yule mama kama sahani ya mgeni. Akisema chai ni tamu, ni tamu. Akisema mvua itanyesha, jua likiwaka la kuchoma kisogo, Isaiah alitoka akaanua nguo. Hata Millicent, binti aliyekuwa akibishana na mama yake tangu ajue kusema, sasa alikuwa anaitikia tu, ndiyo mama, sawa mama, kwa sababu daktari alisema mgonjwa asiudhiwe. Asubuhi alitolewa kiti, akawekewa blanketi magotini, akaachwa hapo veranda na kifuniko cha plastiki jichoni hadi jioni. Mama Hannah alimwonea huruma. Alimwambia Isaiah kwamba wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wao wamempa mgeni wao kiti tu, tena cha plastiki.

Haikuchukua muda, Mama Peres akasema anataka kwenda nyumbani. Hakulalamika. Alimwambia Millicent kwa upole kwamba jicho moja linamtosha, kwamba yeye ni mzee na mengi ameshayaona, na kwamba Jumanne atapanda basi. Millicent alimkumbusha maneno ya daktari, kwamba jicho la pili likiachwa litazidi kuwa gumu, na huenda likija kutibiwa baadaye lisifunguke tena. Mama akaitikia, akasema ameelewa, akaanza kukunja nguo zake na kuzipanga mkobani. Isaiah alikuwa upande wa pili wa ukuta, anasikia kila neno. Alikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi, akashindwa kukivaa. Kilichomuuma ni kwamba hakuruhusiwa hata kuvuka kwenda kumsihi abaki.

Sasa twende kwenye boti. Lilikuwa boti la kuchezea, lakini si mchezo wa mtoto: lilikuwa refu kama mkono wa mtu mzima, lenye injini ndogo inayokunywa mafuta yake maalum ya nitro, na linaendeshwa na mtu aliyesimama ufukweni na rimoti. Isaiah alipewa na mhandisi mmoja wa Lavington aliyekuwa anahama nchi. Mashine yake ya nyasi Isaiah aliitengeneza kwa miaka, na siku ya kufunga mizigo boti likakosa nafasi. Injini yake huwashwa kwa kuvuta kamba, kama mashine ya nyasi, na ikiwaka hulia utadhani nyigu elfu wameingia ndani ya debe. Isaiah aliipenda mara moja. Juu ya Mutuini kulikuwa na kwari, yaani machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani, na mvua za Aprili zilikuwa zimeijaza maji; Jumapili baada ya kanisa alikuwa akilipeleka huko. Lakini Jumapili moja liligonga jiwe lililofichwa na maji, na propela ikavunjika. Propela ni kile kipande cha mabawa mawili kinachozunguka nyuma na kulisukuma boti. Bila hicho unabaki na kelele.

Aliposikia habari za Jumanne, Isaiah alifanya kama wanavyofanya wanaume wengi wakishindwa na jambo: alikwenda kununua spea. Alipanda hadi Westlands, kwenye duka moja lililouza ndege na magari ya rimoti kwa watu wazima wenye nafasi. Dada wa kaunta, aliyeitwa Cate, alikuwa mpole lakini alikiri kwamba za boti hazijui; akamwagia trei nzima mbele yake achague mwenyewe. Isaiah akazigeuza moja moja kwenye mwanga. Unaona, propela huchaguliwa kwa upana wake na kwa jinsi mabawa yalivyosokotwa. Ndogo mno, injini inazunguka kwa kasi ya bure na boti haliendi. Kubwa mno, injini inazidiwa na mzigo, inapata joto na kufa. Katikati ya hizo ndipo palipo na raha. Ile ya kati, nyeusi, ya plastiki ngumu, aliijua mara tu alipoishika. Lakini kulikuwa na nyingine kubwa ya shaba, nzito, inayong'aa, na Isaiah kama fundi yeyote hakuweza kukiacha kitu kizuri hivyo. Akachukua zote mbili.

Alizileta nyumbani Jumamosi mchana. Alikohoa, akasikia mama ametulia, akaziweka juu ya kizingiti cha veranda na kuingia ndani kutafuta spana. Aliporudi mlangoni, alisimama. Mama Peres alikuwa amenyoosha mkono kutoka kwenye kiti chake na kuzichukua. Alikuwa na moja kila mkono, anazipima uzito, anapitisha kidole gumba kwenye makali ya mabawa, taratibu, kama mtu anayepapasa punje za mahindi kujua kama zimekauka. Tangu afike Nairobi hakuwa ameshika kitu chochote isipokuwa kikombe na nguo zake. Isaiah akarudi nyuma ya pazia, hata kupumua anapumua kwa adabu.

Mama Hannah alikuwa anapita na ndoo ya maziwa, na Mama Peres akamsimamisha. Akamuuliza kwa Kiswahili hivi vitu ni vya nini. Mama Hannah akamweleza, kwa mikono na kwa mdomo, habari za boti na za kwari. Mama Peres akafikiri, halafu akainua ile ya shaba. Akasema hii ndiyo. Ile nyeusi, akasema, ni nyepesi mno, haina kazi. Injini isiyopewa mzigo inalia bure, kinu kisicho na mahindi hupiga kelele kuliko kinachosaga. Alizungumza kwa muda mrefu. Alieleza jinsi alivyokuwa akijua kwa sikio tu kama mteja amemimina kidogo au tele. Sauti yake ilikuwa imepata nguvu, na Isaiah nyuma ya pazia aliisikia kwa mara ya kwanza jinsi ilivyokuwa kweli, sauti ya mwanamke aliyezoea kupigia kelele juu ya injini.

Mama Hannah akasogea mlangoni akaleta ujumbe, ingawa alijua vizuri kwamba umeshafika. Mama anasema weka hii kubwa, alisema. Isaiah akaitazama ile propela, akatazama injini yake ndogo iliyolala mezani, akatikisa kichwa. Akanong'ona kwamba haitabeba, ni kubwa mno kwa injini hii, itazimika katikati ya maji. Mama Hannah akamwambia basi amwambie. Isaiah akamkodolea macho kana kwamba ameambiwa avue shati kanisani.

"Mama amesema," akajibu. Akachukua spana, akaifunga ile kubwa.

Utasema ni ujinga. Lakini hebu fikiri. Mama amekaa kimya wiki nzima, mkoba umeshafungwa, na leo hii amefungua mdomo na kuchagua kitu kwa furaha. Wewe ndiye wa kumwambia amekosea? Isaiah heri angeichoma injini. Jioni Millicent aliporudi na kusikia mama yake ameongea, tena kwa kirefu, alimkumbatia mumewe bila kuuliza ameongea nini. Akasema labda sasa atabaki. Kisha akaingia kwa mama, akakuta mkoba bado umefungwa, na Jumanne bado ni Jumanne.

Jumapili Mama Hannah akatoa wazo kwamba mama naye apelekwe kwari. Millicent alikuwa na mkutano wa akina mama kanisani, kwa hivyo Mama Hannah mwenyewe alimshika mkono, wakapanda kile kinjia polepole, Isaiah akiwa mbele yao na boti begani na chupa ya mafuta mfukoni, mbali kwa umbali wa heshima. Maji ya kwari yalikuwa ya kijani, yametulia, matete upande wa kushoto. Wanawake wawili wakakaa juu ya jiwe la kuchongwa ambalo wachimbaji walilisahau. Isaiah akashuka hadi kwenye maji, akawapa mgongo, akavuta kamba.

Injini ikaita. Akaliweka boti majini, akalisukuma, likaenda. Kwa kitambo kidogo alitumaini kwamba huenda yeye ndiye aliyekosea. Lakini wapi. Boti liliinua pua na kukalia mkia, likawa linajikokota na kusukuma maji mbele yake. Sauti ya injini, badala ya kupanda, ilikuwa ikishuka, inakuwa nzito, inagugumia. Moshi mweupe ukatoka. Isaiah alipunguza mafuta, akajaribu kuligeuza lirudi, likafika katikati kabisa ya kwari na kuzimika. Kimya kikarudi, na boti likakaa pale likizunguka taratibu kwa upepo.

Isaiah alikuwa na uzi wa kuvulia wenye mpira mwishoni, wa kulivutia boti likizimika majini. Akaanza kuurusha na kuukosa, kuurusha na kuukosa. Juu kwenye jiwe Mama Peres akamuuliza Mama Hannah mbona pamekuwa kimya. Mama Hannah, Mungu ambariki, hajawahi kuweka kitu moyoni kikakaa. Akasema imezimika. Akasema Isaiah alijua itazimika, alimwambia jana, propela ni kubwa mno. Mama Peres akauliza, kama alijua, kwa nini aliifunga? Mama Hannah akasema kwa sababu ni wewe uliyeichagua, mama, na huyo kijana wako hata ukimwambia maziwa ni meusi atatafuta kikombe cheusi. Na kwa sababu alikuwa ameshaanza, akasema na habari za paa, jinsi lilivyokatwa na kwa nini, jambo ambalo mama alikuwa hajaambiwa na mtu.

Mama Peres akageuza uso kuelekea majini. Alikaa hivyo mpaka Isaiah alipolivuta boti nchi kavu na kuchuchumaa kando yake, akipuliza injini iliyopata moto. Halafu akainuka. Mama Hannah akataka kumshika, akakataa, akateremka peke yake akitanguliza mguu kupapasa ardhi. Isaiah alisikia kokoto zikisagika nyuma yake. Akajua ni nani. Akainamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua, akajisogeza pembeni ampishe apite. Mama hakupita. Alisimama ubavuni pake, uso ukielekea majini.

"Isaiah," akasema.

Tangu Isaiah amwoe Millicent, mama huyo hakuwa ametaja jina lake hata mara moja. Isaiah akabaki amechuchumaa, spana mkononi.

"Nimesikia umekata paa ili nilale."

"Ndiyo, mama."

"Na nimesikia propela niliyochagua ni mbaya."

"Si mbaya, mama."

"Acha hivyo." Walikuwa wanasema Kijaluo sasa, na sauti ya mama haikuwa kali, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nimekaa kwenu kama chungu cha kuazima, kila mtu anaogopa atakivunja. Nikisema mvua, mnaanua nguo. Mimi na mume wangu tulikuwa tunabishana mpaka kuku wanahama uwanja, na watoto wangu ni hivyo hivyo. Hapa hakuna anayenibishia. Nikajiambia, Peres, hapa hawakujui, wanakungoja uondoke. Sasa nakuuliza, na unijibu kama ungemjibu aliyekuzaa. Nilikosea?"

Isaiah alitazama matope. Hakuwahi kumjibu mama yeyote maishani mwake. Hakujua hata hujibiwa vipi. Akataka kukohoa, na kwa mara moja kikohozi kilikataa kuja.

"Ulikosea, mama," akasema. "Ni kubwa mno. Kinu hukaa mahali pamoja, unakipa mzigo kinavumilia. Hii injini ni ndogo, inataka kwanza ikimbie. Ile nyeusi ndiyo."

Akangoja mbingu zianguke. Mama Peres akaigeuza ile habari kichwani mwake.

"Sikubali," akasema.

Na hapo, bwana, wakaanza kubishana. Mama akasema kitu chepesi hakiwezi kusukuma kizito. Isaiah akasema kinaweza, kikizunguka upesi. Mama akasema basi angeipunguza ile ya shaba kwa tupa. Isaiah akasema hilo linawezekana, lakini ukikosea upande mmoja inatetemeka na kuvunja ile fimbo ya chuma inayoizungusha, na hapo utaanza yote upya. Mama akauliza nani amemfundisha ufundi. Isaiah akauliza nani alimfundisha yeye kusaga. Hawakutazamana hata mara moja. Mmoja aliyaambia maji, mwingine aliyaambia matope, lakini sauti zilipanda mpaka Mama Hannah kule juu akasimama, akijiuliza kama akimbie kumwita Millicent. Alikuwa hajawahi kumsikia Isaiah akipaza sauti. Hata Isaiah alikuwa hajawahi kujisikia.

Mwisho mama akasema haya, weka hiyo yako nione. Isaiah akafungua ile ya shaba na kufunga ile nyeusi, akaangusha nati mara mbili kwenye matope. Akaosha, akakaza, akavuta kamba. Safari hii, alipoliweka boti majini, injini ilipanda juu, juu, ikapata sauti yake nyembamba na kushikilia hapo, na boti likainuka tumbo likaruka juu ya maji hadi ng'ambo. Mama Peres aliinamisha sikio. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekubali jambo asilotaka kulikubali, na kwa ile sauti tu akajua ameshindwa. Isaiah aliona kwamba anatabasamu, halafu akakumbuka kwamba haikumpasa kuona, akageukia maji.

"Liko wapi?" mama akauliza. "Nasikia tu. Jicho moja haliwezi kulifuata."

"Liko kushoto, mama, linapita kwenye matete. Sasa linageuka. Sasa linakuja kwetu."

"Naona maji yanaruka."

"Ni hapo hapo yanaporuka. Linaenda tena. Liko mbali sasa, karibu na ule ukuta wa mawe."

Akamwelekeza hivyo mzunguko baada ya mzunguko, mtu yule ambaye Millicent alilazimika kumvuta maneno kwa ndoano. Alimwambia boti lina rangi nyekundu na mstari mweupe, ambao mama alikuwa hajauona vizuri. Alimwambia mawimbi yanavyokwenda hadi kwenye majani na kurudi. Machozi yalikuwa yakimtoka, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kwenye rimoti aliyaacha yatoke. Mama alisikiliza yote bila kumkatiza.

"Hilo jicho lingine," akasema baadaye, "daktari alisema lini?"

"Alhamisi ya wiki ijayo, mama."

"Millicent ana kazi yake. Utanipeleka wewe."

Isaiah akalikosesha boti njia, likaenda kupanda matete na kunasa huko, injini ikilia hewani. Akaizima. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akatafuta la kusema, na lililokuja ni kwamba watoke mapema, asubuhi kuna baridi, na mama lazima avae sweta.

"Sivai sweta," mama akasema. "Sweta linanikaba."

"Utavaa, mama," Isaiah akasema.